Mikono Michache Kwanza: Kisa cha Binti Aliyetoka Lilongwe Kuja Uyole

Kisa hiki ni cha familia moja ya Uyole, Mbeya, iliyomwasili binti kutoka Malawi, yaani iliyomfanya mtoto wao kisheria. Nakiandika kwa ruhusa ya wazazi. Majina sitayataja, na mambo machache ambayo yangemfanya mtoto atambulike nimeyabadilisha. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, na swali ambalo wazazi wa kuasili huku nyanda za juu kusini huniuliza zaidi ni hili: mtoto amekuja, amepokewa vizuri, anakula, anavaa, analala kwenye kitanda kizuri, mbona hatulii?

Alikotoka

Binti alikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa alipovuka mpaka wa Kasumulu. Mama yake mzazi alifariki wiki chache baada ya kujifungua, ndugu hawakuweza kumlea, na akapelekwa kwenye makao ya watoto Lilongwe kabla hajaanza kutambaa. Kumbukumbu zake za makao zilikuwa fupi: siku aliyopokelewa, uzito, chanjo, malaria kali mara moja. Walezi walifanya kazi kwa zamu na wengi hawakudumu. Aliyedumu ni mmoja, mama wa makamo ambaye hata hakuajiriwa kulea watoto, alikuwa mpishi. Pembeni ya ukurasa mmoja mtu alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba mtoto huyu hupenda kukaa jikoni na mpishi. Katika faili lile lote, mstari huo ndio ulionisaidia kuliko mingine.

Wazazi ni wenyeji wa Mbeya. Baba alikuwa na kazi ya forodha na usafirishaji wa mizigo Lilongwe, na familia ikaishi huko miaka kadhaa. Walikuwa na mtoto wao wa kiume wa miaka minane, na baada yake mimba hazikushika tena. Sheria ya Malawi inataka anayeomba kuasili awe mkazi wa nchi ile. Sharti hilo lilizungumzwa dunia nzima mwaka 2009, pale mahakama ya juu ya rufaa ya Malawi ilipomruhusu mwanamuziki Madonna kumwasili mtoto wa pili baada ya mahakama ya chini kumkatalia. Wazazi hawa hawakuwa na kikwazo hicho, walikuwa wakazi kweli. Mahakama ikawapa mtoto, wakaishi naye miezi michache kwenye nyumba ya kupanga, kisha mkataba wa baba ukaisha na wakarudi nyumbani.

Kuhusu karatasi nitasema jambo moja tu. Amri ya mahakama ya nchi nyingine haimfanyi mtoto kuwa raia wa Tanzania siku anapovuka daraja la mto Songwe pale mpakani. Wazazi walitakiwa kwenda Uhamiaji na pia kujitambulisha kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji, na ndivyo walivyofanya mapema. Ilisaidia, kwa sababu kuanzia hapo hofu ya nyaraka haikuingia tena kwenye malezi.

Mapokezi

Walifika Uyole mwezi Juni. Wanaoijua Mbeya wanajua baridi ya Juni na Julai, na Uyole baridi yake ni kali kuliko ya mjini. Lilongwe iko kwenye mwinuko wa mita elfu moja na kidogo. Mbeya ni kama mita 1,700. Mtoto alitoka kwenye chumba cha vitanda vingi, joto la wenzake likiwa karibu, akaingia kwenye chumba chake peke yake, na nje upepo unapiga bati.

Jumamosi ya kwanza palifanyika sherehe. Ndugu walitoka Tukuyu, Kyela na Tunduma. Alipakatwa na kila shangazi, akalishwa na kila mkono. Jumapili alipelekwa mbele kanisani kwa shukrani. Wiki iliyofuata alinyolewa, akanunuliwa nguo mpya, na zile alizokuja nazo zikatupwa kwa sababu zilikuwa zimechakaa. Alipewa jina jipya la ukoo na kila mtu akaambiwa amwite hilo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshavalishwa sare na kupelekwa darasa la awali.

Kila moja la mambo hayo lilifanywa kwa upendo, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Hakuna aliyemtendea mtoto huyu ubaya. Lakini ukiyatazama kwa macho yake, ndani ya wiki chache alipoteza nchi, lugha, chakula, nywele, nguo na jina, na mahali pa yote hayo akapewa umati wa watu wanaotabasamu.

Kilichowaleta kwangu

Mama ndiye aliyekuja, peke yake, akiwa amefunga mapema duka lake la vitenge huko Mwanjelwa, sokoni Mbeya mjini. Alianza kwa kusema kwamba mtoto hana shida. Halafu akalia.

Mtoto alikuwa anafuata watu. Mgeni akiingia, anapanda magotini kwake kabla hajakaa vizuri. Mara mbili aliondoka na akina mama wa jumuiya waliokuwa wanarudi kwao, amewashika mikono, wala hakugeuka nyuma. Majirani walimsifu: ana uchangamfu huyu, hana aibu. Mama hakuona cha kusifu. Alisema, "Mimi na yule muuza mkaa, kwake ni mamoja."

Chini ya godoro walikuta matonge ya ugali yaliyokauka, nusu chapati, na maharage yaliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Usiku alikuwa anatoka kitandani na kulala sakafuni kando ya mlango. Akianguka hakulia, siku moja mlango ulimbana vidole, akanyamaza, akavificha mgongoni. Shuleni mwalimu alimwona mtulivu mno kwa wiki kadhaa, kisha akamng'ata mwenzake mkononi hadi damu ikatoka. Akiitwa mara nyingi haitikii, na bibi mzaa baba alishaanza kusema kwamba mtoto ana kiburi, na kwamba kiboko kimoja kingetosha.

Na liko lililomuuma mama kuliko yote. Mtoto alimpenda bibi na kumkimbilia. Mama akimshika, anakakamaa mwili mzima.

"Nilimsubiri miaka sita," alisema. "Ananitazama kama mtu aliyeajiriwa kumletea chakula."

Nilichokiona

Sikuanza na moyo, nilianza na mwili. Niliwaelekeza hospitali mtoto apimwe kila kitu: uzito na urefu, damu, minyoo, kifua, macho, masikio. Mtoto aliyetoka kwenye makao hubeba mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, na ni vibaya kumhesabia tabia kitu ambacho ni ugonjwa. Matokeo yalikuwa damu pungufu kidogo, minyoo, na sikio la kulia lililokuwa na usaha wa siku nyingi, ngoma yake imetoboka. Upande huo alikuwa anasikia kwa shida. Kiburi alichokiona bibi, sehemu yake kubwa ilikuwa sikio. Alianzishiwa matibabu, wazazi wakafundishwa kulikausha na kulikinga na maji, na wakaambiwa wamwite wakiwa mbele yake, anaona uso. Hilo peke yake lilipunguza ugomvi wa nyumbani kwa kiasi ambacho hakuna mazungumzo yangu yangefikia.

Yaliyobaki hayakuwa ugonjwa. Kuficha chakula, kutolia, kumwendea kila mgeni, kulala mlangoni: haya yote ni mambo ambayo mtoto wa makao hujifunza kwa sababu yanamsaidia. Penye watoto wengi na walezi wa zamu, anayemchangamkia mgeni ndiye anayebebwa. Anayelia bila kufuatwa, baada ya muda huacha kulia. Anayeweka akiba ya tonge hapitishi usiku na njaa zamu ikichelewa. Binti huyu hakuwa ameharibika, alikuwa ameyamudu maisha ya kule, na sasa yale yale yaliyomvusha kule yalikuwa yanamzuia huku.

Wanasayansi wameyafuatilia haya kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye makao, nusu yao wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walisonga mbele kuliko waliobaki, na waliotoka kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walinufaika zaidi. Lakini tabia ya kumwendea yeyote ilikuwa miongoni mwa zilizochelewa kuondoka. Binti wetu alitoka akiwa na mitano. Niliwaambia wazazi wazi kwamba hesabu yetu iwe ya miaka, na wasipime kwa wiki.

Mtafiti mwingine, Mary Ainsworth, alikaa Uganda katikati ya miaka ya 1950 akitazama watoto wachanga wa Kiganda wakiwa na mama zao majumbani. Zilikuwa nyumba kama zetu, zenye bibi, shangazi, dada wakubwa, mikono mingi. Hata humo aliona mtoto anamtumia mama kama kituo: anamwacha kwenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama, akitishika anarudi kwake. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani wazo la mtoto kuhitaji mtu wake limeletwa na Wazungu kwa ajili ya nyumba zao za watu watatu. Sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Ndiyo maana shauri langu lilikuwa gumu kwa ukoo huu kulimeza. Niliomba kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo mtoto alishwe, aogeshwe, alazwe na kubembelezwa na mama na baba tu. Wengine wote wamsalimie, wacheke naye, wacheze naye uani wazazi wakiwepo. Akitaka kupakatwa, akiomba chakula, akiumia, wamrudishe kwa upole: nenda kwa mama.

Mazungumzo na bibi

Baba alikubali haraka, labda haraka mno. Mama alikubali kwa uchovu. Aliyebaki ni bibi, na bila bibi hakuna ambacho kingefanyika kwenye nyumba ile.

Nilikwenda jioni. Alikuwa jikoni nyuma, anachambua mboga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayesema nisimshike mjukuu wangu?"

"Nasema umshike, Bibi. Ila akiumia au akiwa na njaa, umpeleke kwa mama yake."

"Mkono mmoja haulei mwana. Hukufundishwa hivyo kwenu?"

"Nilifundishwa. Lakini mjukuu wako amepita kwenye mikono mingi, na yote ilimwachia. Hajui bado kwamba huu hautamwachia."

Alichambua mboga kwa muda. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kunisimulia habari za watoto wa dada yake, walioletwa kwake kutoka Kyela baada ya mazishi, miaka mingi iliyopita. Mdogo wao alilala na kanga ya marehemu mama yake mwaka mzima. Kanga ikawa nyeusi kwa uchafu, inanuka, na bibi alikataza mtu yeyote kuifua. "Kwa sababu ingetoka harufu," alisema. Halafu akaniuliza, "Huyu nguo zake za kule ziko wapi?"

Nikamwambia zilitupwa. Aliweka ungo chini akamwita mkwewe. Wakatafuta pamoja hadi ikapatikana sweta moja iliyokuwa imesahaulika ndani ya begi la safari. Mtoto alipewa usiku ule na akalala nayo kifuani.

Kuanzia hapo bibi akawa mwenzangu. Tuligawana kazi hivi: yeye anapika, mama anapakua na kumpa. Bibi anakaa hapo hapo, karibu, anaongea, ila bakuli linatoka mkononi mwa mama. Akina shangazi waliokuja na malalamiko walijibiwa na bibi mwenyewe, na hakuna aliyerudia. Mimi nisingeweza kulitetea shauri lile mbele ya ukoo kwa nguvu hata robo ya alivyolitetea yeye.

Kwa nini mtoto alimkimbilia bibi, nilikuja kulielewa nikiwa nimekaa nao asubuhi moja. Bibi humsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," yaani umelalaje, na mtoto alikuwa anaitikia kwa Kichewa. Kwenye Kichewa kulala ni kugona. Lugha ya bibi ilikuwa karibu na sauti za kwao kuliko Kiswahili cha mama na baba. Na bibi alikuwa mwanamke mzima anayeshinda jikoni, kama yule mpishi wa Lilongwe.

Lugha

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Familia ilidhani lugha haingekuwa tatizo, kwa kuwa Kichewa na Kiswahili ni ndugu: nyumba ni nyumba, moto ni moto, njaa ni njala, maji ni madzi. Wageni wakamwona mtoto anaelewa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaokota neno moja katika kumi na kukisia mengine kwa kutazama nyuso. Ukaribu wa lugha ulificha upweke wake. Mtoto aliyetoka Ulaya kwenda kwa watu wasiojua lugha yake angehurumiwa. Huyu alionekana mvivu wa kujibu.

Nilipendekeza atafutwe mtu wa kuongea naye Kichewa. Haikuwa kazi, wafanyabiashara wa Malawi hufika Mwanjelwa kununua bidhaa na wengine wameolewa mjini hapa. Mama alimfahamu mmoja, mteja wake wa vitenge. Alianza kuja nyumbani mara moja kwa wiki, anakaa uani, anaongea na mtoto wakimenya viazi, mama akiwa pale pale.

Siku ya kwanza mtoto aliongea mfululizo kama aliyefunguliwa mdomo. Yule dada alipoondoka, alilia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afike Tanzania, na baba akanipigia simu usiku kusema kwamba jambo hili lisimamishwe, linamrudisha mtoto nyuma. Nikamwuliza alikuwa wapi mtoto wakati analia. Akasema, mgongoni kwa mama, amembeba kwa kitenge anazunguka naye sebuleni. Nikamwambia basi lisisimamishwe. Mtoto aliyekuwa anaficha vidole vilivyobanwa, leo analia mgongoni kwa mtu.

Kuna jambo lingine kuhusu lugha ambalo wazazi wengi hawalijui. Watafiti waliwapima vijana waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Ufaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Walipofika ukubwani hawakuweza kukitambua Kikorea zaidi ya Mfaransa yeyote wa kuzaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Mtoto wa miaka mitano anaongea vizuri kabisa, na lugha hiyo hiyo inaweza kuondoka yote asipopata wa kuongea naye. Siku binti huyu atakapotaka kuwatafuta ndugu wa mama yake, Kichewa ndicho kitakachomfungulia mlango. Wazazi waliliona hilo upesi kuliko nilivyotarajia, na sasa hata mtoto wao wa kiume, aliyeishi Lilongwe na kuanza kukisahau, anarudishwa kwenye mazungumzo yale.

Jina pia tulilizungumza. Jina jipya la ukoo likabaki kanisani na kwenye nyaraka zitakazofuata. Nyumbani akarudishiwa alilokuja nalo. Baba aliona kama anarudisha zawadi. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani naye. Jina ndicho kitu pekee ambacho tunajua kwa hakika kwamba mama yake mzazi alimwachia.

Chakula na usingizi

Kuhusu chakula niliwaomba wafanye jambo ambalo kila mzazi hulipinga mwanzoni. Kikapu kidogo cha ndizi mbivu na karanga kiwekwe kando ya kitanda chake, kijazwe kila siku, asiulizwe amekula ngapi. Chini ya godoro pasafishwe kimya kimya, bila kumwita kumwonyesha. Milo iwe saa zile zile, na kabla ya kuondoa vyombo aambiwe mlo unaofuata ni lini. Wiki za mwanzo alimaliza kikapu usiku ule ule. Baadaye kikaanza kubaki nusu. Mama aliongeza la kwake, dagaa wa Ziwa Nyasa, wale ambao Malawi huwaita usipa, na mtoto alipowaona kwenye sahani aliwataja kwa jina na akala mpaka akalowa jasho.

Usingizi ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Godoro lilihamishiwa chumba cha wazazi, upande wa mama, blanketi likawa zito, taa ndogo ikaachwa inawaka korido. Hakulala tena mlangoni baada ya muda mfupi.

Shule, fimbo, na kaka

Tulimtoa shule. Baba alipinga kwa hoja nzito: atabaki nyuma, na watu watasema ameshindwa. Nilimwambia mwaka wa masomo huku huanza Januari, wakati kwao huanza Septemba, kwa hiyo alikuwa ameingizwa katikati ya safari ya wenzake, katika lugha asiyoijua, kwa sikio moja. Kukaa nyumbani hadi Januari hakumpotezei kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Mama alimchukua dukani asubuhi, na mtoto akajifunza kuhesabu kwa kukunja vitenge.

Fimbo niliikataa kabisa, na sikuacha nafasi ya majadiliano. Mtoto ambaye anajifunza kwamba mkono wa mtu mzima ni pa kukimbilia, hawezi kujifunza hilo kwenye mkono unaompiga. Akikosea, akiharibu, aketishwe karibu na mzazi hadi atulie, asifukuzwe chumbani. Kufukuzwa, kwa mtoto kama huyu, kuna maana nyingine kabisa. Bibi aliliafiki hili kwa shingo upande, ila aliliafiki.

Kaka mtu tulikuwa tumemsahau sote. Mvulana wa miaka tisa, ambaye miaka yote alikuwa peke yake, alianza kupata maumivu ya tumbo kila Jumatatu. Alishaambiwa mara nyingi amwonee huruma mdogo wake, na hakuna aliyemwuliza yeye anajisikiaje. Baba akaanza kwenda naye Uwanja wa Sokoine kila Mbeya City ilipocheza nyumbani, wawili tu. Tumbo likaacha kuuma. Sina la kuongeza hapo.

Mama

Nilitumia muda mwingi zaidi na mama kuliko na mtoto, na ningefanya vivyo hivyo tena. Mwanamke aliyejifungua hupata watu wa kumkanda, kumpikia mtori, kumwambia alale. Huyu alipata mtoto na kesho yake akafungua duka. Maneno ya mtaani yalimfikia, likiwemo lile la kwamba ameenda kununua mtoto. Alikuwa hapati usingizi, anakonda, anajiuliza kama Mungu alikuwa anamwambia jambo kwa kumnyima mimba nyingine na sasa kumpa mtoto asiyemtaka.

Nilimwambia kwamba uchungu wake ni wa kweli na una nafasi yake, na kwamba mapenzi yake kwa mtoto huyu yana haki ya kuchelewa kama ya mtoto kwake yanavyochelewa. Afanye kazi ya mama kwa mikono kwanza: alishe, aogeshe, apake mafuta, asuke nywele zikiota. Asijilazimishe kuhisi. Nilimwomba pia baba achukue Jumapili mchana moja kwa moja, mama aende kwa dada yake mtaa wa Forest akalale, alale tu. Na nilimpeleka kwa mshauri wa hospitali, kwa sababu huzuni yake ilikuwa imevuka mipaka ya kazi yangu.

Kusuka nywele ndiko kulikowaunganisha, naamini. Zilipoota vya kutosha, kila Jumamosi mtoto alikaa kati ya magoti ya mama, amempa mgongo, hawatazamani. Mtoto anayekakamaa akikumbatiwa uso kwa uso aliweza kuvumilia mikono ile kichwani kwa saa nzima. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali. La kwanza lilikuwa kama mpishi wa Lilongwe anajua aliko.

Wazazi walipata namba ya makao, na mpishi alipigiwa simu. Aliongea na mtoto kidogo, kisha akaomba kuongea na mama. Alimwambia mambo ambayo hayakuwa kwenye faili: kwamba mtoto huogopa radi, kwamba uji wake hupendwa uwe na karanga za kusaga, kwamba alipokuwa mdogo alilala kwa kushikwa sikio. Lile la kulia.

Ilipo sasa

Alirudi darasa la awali Januari, na hang'ati. Wageni bado huwachangamkia, lakini siku hizi huanza kumtazama mama. Novemba alijiunguza kwenye jiko la mkaa, bibi akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na akampita bibi akikimbilia uani alikokuwa mama anahesabu mzigo wa dukani. Bibi ndiye aliyenisimulia, kwa furaha.

Si kila kitu kimekaa. Nyumba ikijaa watu, kwa msiba au harusi, chakula hurudi chini ya godoro. Baba akisafiri kwenda Tunduma kwa siku mbili, mtoto huwa mkali kwa wiki. Sikio litahitaji daktari bingwa. Ile mipaka ya miezi mitatu ililegezwa polepole, shangazi mmoja mmoja, na mmoja wao sasa ndiye anayemlaza mama akichelewa dukani. Ukoo umeingia, ila umeingia kupitia kwa mama.

Wazazi wanapanga safari ya Malawi Desemba ijayo. Mama anataka mtoto aione Lilongwe. Baba anataka kusubiri hadi nyaraka za Uhamiaji zikamilike, asije mtoto akaulizwa maswali mpakani mbele yake, na katika hilo namuunga mkono. Ushauri wangu ni kwamba mara ya kwanza wasimpeleke kwenye makao yenyewe. Wakutane na mpishi katika miji ya Mzuzu au Karonga, kaskazini mwa Malawi, nyumbani kwa mtu au hotelini, wazazi wote wawili wakiwepo, na kabla ya kuondoka Uyole mtoto aambiwe siku ya kurudi na aonyeshwe vitu vyake vinavyobaki vinamsubiri. Liko pia kaburi la mama yake mzazi, ambalo makao yanajua lilipo. Bibi anasema atamweleza yeye. Mama anataka wakae wote watatu. Nimewaomba waanze mazungumzo hayo nyumbani, mapema, mtoto akiwa anasukwa, wasingoje kumwambia wakiwa njiani.